Lumumba ana kaburi Kinshasa, Okito na Mpolo je?

Wadau, naongelea Patrice Lumumba mwenyewe, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, siyo Lumumba ya pale Mnazi Mmoja Dar kwenye ofisi za CCM, msije mkaanza siasa zenu za vyama.

Hoja iko hivi, mtu akitaka kwenda Kongo kutoa heshima kwa waliouawa 17 Januari 1961 aende wapi? Wengi mnasema Kinshasa, pale Limete chini ya ule mnara, ndiko jino la Lumumba, kipande pekee cha mwili wake kilichorudi, lilikozikwa 30 Juni 2022, na alikuwa waziri mkuu wa nchi nzima, siyo wa Katanga, lile jimbo la Lubumbashi lililokuwa limejitenga. Sawa, nawaelewa.

Mimi nasema Shilatembo, kule nje ya Lubumbashi. Usiku ule walipigwa risasi watu watatu bwana, Lumumba, Maurice Mpolo aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito wa seneti. Baadaye polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, akafukua miili, akaikatakata akaiyeyusha kwa asidi, na bado akapata moyo wa kuondoka na jino! Ubelgiji wamekuja kulirudisha 2022 kwenye kiboksi cha bluu. Okito na Mpolo hawana hata hilo jino, sasa ukoo wao ukalilie wapi kama siyo pale pale porini walipoangukia?

Kuna mtu ataniambia Katanga ndio waliomuua, Tshombe, kiongozi wao wakati ule, na mawaziri wake walikuwepo wanashuhudia, iweje leo heshima iende kwao. Kwani Kinshasa ndio wasafi? Wanajeshi wa Mobutu, mkuu wa jeshi wakati ule, ndio waliomkamata, halafu Mobutu huyo huyo 1966 akiwa rais akasimama kumtangaza shujaa wa taifa, na huo mnara wa Limete mnaousifia umeanza kujengwa enzi zake. Yaani mkamataji ndiye kaacha mnara, marehemu kawekwa chini yake!

Na ile ya kusema mji mkuu kuna ulinzi mniachie, Novemba 2024 watu walivamia hapo hapo Limete wakaharibu, hadi serikali ikatoka kutuliza watu kwamba jino liko salama.

Jino libaki huko, silitaki lihamishwe tena, limezungushwa vya kutosha. Ila kila tarehe 17 Januari viongozi wapande ndege waende Shilatembo, na majina yasomwe yote matatu. Anayebisha alete hoja.