DHEA miligramu 50: ni vitamini au ni homoni?

Mama Tumaini:
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 53, hedhi ilikoma mwaka juzi. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchoka tu. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mdogo wangu kaniletea kopo la vidonge vya DHEA, miligramu 50, kimoja kila asubuhi. Yeye mwenyewe anavitumia. Kopo limeandikwa kwamba ni kitu asilia, naye anasema ni kama vitamini, kwa kuwa hata mwili huitengeneza. Bado sijalifungua. Hiki kitu ni nini hasa? Kuna aliyekitumia? Niseme pia kwamba mama yetu mzazi alitibiwa saratani ya titi akiwa na miaka 58.

Mzee Subira:
Mimi nina 66. Nilimeza hiyohiyo miezi minne nikitafuta nguvu. Nguvu sikuziona. Nilichokiona ni chuchu kuuma kila zikiguswa na shati, nikaacha.

Sauti ya Kwanza:
Dada, pole na uchovu. Nikueleze yaliyonipata, maana mimi nilimeza kwanza ndipo nikasoma.

Naimba kwaya tangu nina miaka 16, sauti ya kwanza. Nilianza DHEA nikiwa na 49, miligramu 50 kwa siku kama hizo zako, kwa ushauri wa muuzaji. Wiki ya tatu uso ukaanza kutoa mafuta na chunusi zikanirudia kidevuni. Sikujali, kwa kuwa nilijisikia nina nguvu kidogo, au nilijiaminisha hivyo. Mwezi wa tatu nikapapasa chini ya kidevu nikakuta unywele mmoja mweusi, mgumu kama uzi wa brashi. Nikaung'oa. Baada ya wiki mbili ilikuwa mitano. Kilichonitisha kilikuja mazoezini: noti ya juu niliyokuwa naifikia bila hata kuiwaza ilikatika katikati. Koo haliumi, mafua sina, lakini sauti inapasuka kama ya mvulana anayebalehe. Mwalimu wetu alisimamisha wimbo akanitazama. Nikajaribu tena, ikapasuka palepale.

Na kweli kilichokuwa kinanitokea ndicho kinachomtokea mvulana anayebalehe. DHEA ni homoni, dada. Kirefu chake ni dehidroepiandrosteroni. Huundwa kutokana na kolesteroli, zaidi katika tezi za adrenali, zile ndogo zilizokaa juu ya figo. Yenyewe haina nguvu kubwa, ni malighafi. Ngozi, mafuta, mifupa na viungo vingine huichukua na kuigeuza kuwa testosteroni, homoni ya kiume, au estrojeni, homoni ya kike. Ukimeza huchagui igeuke kuwa nini. Kwa wanawake wa umri wetu, kidonge cha miligramu 50 hupandisha zaidi homoni za kiume. Kwa wanaume wazee testosteroni haiongezeki sana, ila estrojeni hupanda, na nadhani Mzee Subira hapo ndipo chuchu zake zilipopata maumivu. Hata hivyo, mzee wangu, mwonyeshe daktari, usiishie kwa maneno yangu.

Hilo neno asilia lisikupumbaze. Vidonge hivi hutengenezwa kiwandani, mara nyingi kutokana na dayosijenini, kitu kinachopatikana katika viazi vikuu vya porini. Wakemia ndio huibadilisha ikawa DHEA. Mwili wa binadamu hauwezi kuibadilisha, kwa hiyo hata wanaouza unga wa viazi hivyo kwa jina la DHEA wanakuuzia unga.

Ni kweli kwamba homoni hii hushuka kwa umri. Hufika kilele katika miaka ya ishirini na kitu, na ukifika 70 au 80 imebaki sehemu ndogo tu ya ile ya ujanani. Hapo ndipo watu walipojenga tumaini kwamba tukiirudisha tutarudi vijana. Imejulikana tangu 1934, Adolf Butenandt alipoitenga kwenye mkojo, na imejaribiwa sana tangu hapo. Utafiti uliochapishwa Marekani 2006 uliwapa wazee DHEA kwa miaka miwili: nguvu za misuli hazikuongezeka, mwili haukuitumia sukari vizuri zaidi, na wenyewe hawakujiona wana maisha bora zaidi. Niliposoma hayo nililia, si uongo. Nilikuwa nimeitoa sauti yangu kwa ajili ya kitu hicho.

Wapo wanaoandikiwa kwa sababu ya kweli, mfano wanawake ambao adrenali zao zimeacha kufanya kazi. Ipo pia ya kuweka ukeni, miligramu 6.5, iliyoidhinishwa Marekani 2016 kwa wanawake wanaoumia wakati wa tendo baada ya hedhi kukoma. Hao wana daktari anayewafuatilia. Wewe una kopo na mdogo wako.

La mama ndilo limenifanya niandike yote haya. Saratani nyingi za titi hukua kwa estrojeni, na DHEA ni njia ya kuipeleka estrojeni mwilini. Sisemi itakupa saratani. Nasema katika ukoo wenu kitu hiki hakimezwi kabla ya kuongea na daktari na kumweleza habari za mama.

Nilipoacha, chunusi ziliisha ndani ya mwezi na nywele zikapungua. Sauti haikurudi yote. Sasa ni mwaka wa tatu naimba sauti ya pili.

Fundi wa Maabara:
Naongezea kidogo. Kipimo chake huitwa DHEA-S, ni umbo la homoni hii lililounganishwa na salfeti, na ndilo linalozunguka kwa wingi kwenye damu. Halibadilikibadiliki sana kati ya asubuhi na jioni kama kotisoli, homoni nyingine ya adrenali, ndiyo maana tunalipima hilo. Ila Mama Tumaini, kiwango kidogo katika umri wako ni cha kawaida, si ugonjwa, na hakikuambii kwa nini umechoka. Kwa uchovu ningeanza na wingi wa damu, homoni ya thairoidi, sukari, na usingizi wenyewe: unakoroma? Unaamshwa na joto usiku? Na kama unatumia vidonge vya nywele au kucha vyenye biotini, waambie maabara kabla ya kutolewa damu, maana huvuruga baadhi ya vipimo vya homoni.

Mama Tumaini:
Nimesoma mara mbili. Sauti ya Kwanza, nakushukuru sana, na pole kwa sauti yako. Fundi, usiku naamka nimelowa jasho mara tatu, mara nne, na sikuwahi kulihesabu hilo kama kukosa usingizi. Wiki ijayo nitakwenda kupima hivyo ulivyotaja.

Kopo nitalirudisha. Lakini sasa nina wasiwasi mwingine. Mdogo wangu ana miezi mitano kwenye hivi vidonge, na mama yetu ni mmoja. Nimempigia simu sasa hivi nikamuuliza kama ana chunusi, akacheka, akasema anazo. Nikamuuliza kuhusu kidevu. Akanyamaza.

Sauti ya Kwanza:
Mpigie tena leo, usingoje kesho. Usimgombeze. Mwombe aache, kisha mwambie aimbe nawe wimbo mmoja mnaoujua tangu utoto, kwenye simu hiyohiyo, ufike mahali pa juu. Wewe unaijua sauti yake kuliko daktari yeyote. Kama inakatika, aseme hilo pia akienda kuonwa.