Mjadala: Kwenda Dubai kabla ya kufika Mikumi ni kukosa uzalendo?

Wakuu salaam. Ofisini kwetu hapa Posta kuna dada kaenda Dubai likizo, katupia picha, maneno yakaanza. "Ngorongoro kwenyewe hajafika, anakimbilia majangwa ya watu!" Mzee mmoja akahitimisha kabisa kwamba huko ni kukosa uzalendo.

Mimi nabisha. Wengi wanaosema hivyo, nchi wanayoijua ni ile barabara ya kwenda kwao. Kila Desemba Dar inahamia Moshi, watani wanasema wamekwenda kuhesabiwa. Nyama, mbege, ibada, Januari hao wamerudi. Mlima wenyewe, mita 5,895, wameutazamia uani kwa shangazi. Ni mapumziko halali kabisa, sikatai, ila usimsute mwenzio kwa mlima ambao wewe hujafika hata getini.

Halafu tuseme ukweli wa bei. Kiingilio cha hifadhi si tatizo, Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mgeni. Kinachoua ni gari. Treni ya SGR tangu 2024 inakufikisha Morogoro haraka, lakini Mikumi huwezi kujizururia kwa miguu, lazima ukodi gari, na wenye magari wamezoea pochi ya mzungu. Malazi ndiyo usiseme. Kanuni za 2025 zimekataza kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni, vizuri, lakini dola ikiandikwa kwa shilingi haiwi bei ya mtu wa Mbagala. Huyo dada alilipia safari yake kidogo kidogo kwa miezi. Nani anamuuzia Serengeti kwa mtindo huo?

Lawama kwetu pia zipo. Mabasi ya Mbeya yanapita katikati ya Mikumi kila siku. Twiga kasimama hatua chache kutoka kwenye lami, kibao cha faini za kugonga wanyama kinapita dirishani, na nusu ya basi wamevuta pazia ili waone vizuri muvi. Hapo hakuna wa kusingizia bei.

Karibuni, ila bila matusi.

Mdau wa Kariakoo: Umetusahau sisi. Guangzhou, China, naenda kufuata mzigo, sijawahi kupiga picha hata ya mnara. Mzigo ukifika bandarini nalipa ushuru. Huo uzalendo wanaupima kwa picha za simba?

Mdau wa Temeke: Mnang'ang'ana na wanyama kama vile nchi ni mbuga tupu. Nendeni Kilwa Kisiwani. Msafiri wa zamani Ibn Battuta kafika 1331, UNESCO wameiorodhesha urithi wa dunia 1981, ninyi mko Dar mnalia gari la kukodi. Unapanda basi la kusini alfajiri, unashuka Kilwa Masoko, unakata kibali, unavuka kwa boti. Ule msikiti mkuu wa matumbawe unazunguka kwa miguu yako, na siku niliyokwenda tulikuwa sisi na mbuzi wa kijijini tu.

Mdau wa Tabata: Mbuzi hao ndio sababu watu wanaenda Dubai 😂

Mleta mada: Wa Temeke, nimekuelewa. Sasa tuandikie ulilala wapi, kwa shilingi ngapi, na boti mlichangia wangapi. Mkishasifia huwa mnaishia hapo.