Naomba ushauri: kujitolea Mathare baada ya mafuriko

Bwana asifiwe wapendwa. Tangu mafuriko ya Aprili 2024, vijana wa kanisa letu huenda Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kutembelea familia zilizosombewa nyumba kando ya mto. Tumepeleka unga, blanketi na magodoro. Jumamosi iliyopita mama mmoja alinionyesha kiatu kimoja cha mwanawe aliyechukuliwa na maji, akasema, "Unga nashukuru, mwanangu, lakini mnaomba halafu mnaondoka." Maneno hayo hayajaniacha. Mchungaji anasema tuendelee na chakula. Mzee wa mtaa anaomba karo ya shule ya watoto. Pesa hazitoshi vyote, na sitaki kuwaahidi watu hewa.

Mliowahi kutumika kwenye maafa, mlianzia wapi? Na mtu asiye mshauri nasaha aketi vipi na aliyefiwa bila kumtonesha kidonda?