Basi likipinduka peke yake, ni nani wa kuthibitisha uzembe?

BintiKisauni
Mama yangu mdogo alipanda basi la usiku kwenda Nairobi mwaka juzi. Walipopita Voi tairi la mbele likapasuka, basi likaacha lami na kulala ubavu. Hakuna lori lililowagonga, hakuna ng'ombe aliyekatiza, mvua haikunyesha. Yeye alikuwa amelala, akazindukia mchangani nyonga imevunjika. Juzi mahakamani wakili wa upande wa basi akamuuliza: "Mama, ulimwona dereva akifanya kosa gani?" Atamwonaje naye yu usingizini? Kwa nini majeruhi ndiye atakiwe kueleza basi lisilo lake limepindukaje? Mimi nasema likipinduka lenyewe, mwenye basi ndiye asimame aeleze. Na madereva wa usiku tunawajua, wengine ni wauaji waliopewa leseni.

MwanaMzizima
Dada, pole sana kwa mama. Hoja yako ina jina la Kilatini, res ipsa loquitur, jambo lajisemea lenyewe. Tulisomeshwa chuoni. Kuna pipa la sukari lilimwangukia mpita njia London, jaji akasema mapipa hayaporomoki ghalani pasipo mtu kuzembea. Mama akitaja hilo tu, kesi imekwisha.

WakiliMzee
Pipa lilikuwa la unga, na mji ni Liverpool, 1863. Sukari ilikuwa ya magunia, gatini London, kesi ya 1865. Nasahihisha kwa sababu hiyo ya 1865 ndiyo iliyoweka masharti: kitu kiwe mikononi mwa mdaiwa, na ajali iwe ya namna ambayo kwa kawaida haitokei watu wakiwa waangalifu. Masharti yakitimia, mahakama inaruhusiwa kudhania uzembe. Inaruhusiwa, hailazimiki.

"Kesi imekwisha" ni maneno yaliyowapoteza wateja wengi. Hapa Kenya kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi kinasema anayedai ndiye athibitishe, na mzigo huo haumtoki mdai mwanzo hadi mwisho. Kinachohama ni zamu ya kueleza. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Embu Public Road Services ya 1968, ilisema mazingira ya ajali yakiashiria uzembe, mdaiwa haponyoki mpaka aonyeshe chanzo kinachoelekea kuwa ndicho, na ambacho hakina uzembe ndani yake. Kwa hiyo lile swali la "ulimwona akifanya nini" halimwangushi mama.

Lakini msilale. Mwaka 1988 ilitoka hukumu ya basi la Hong Kong lililovuka kati ya barabara na kugonga gari la abiria upande wa pili. Wadai hawakuita shahidi wa kuzungumza hata mmoja, walitegemea Kilatini. Dereva akaeleza kwamba gari dogo lilimkatia ghafla, akakanyaga breki, basi likateleza. Mahakama ya juu kabisa ilimsadiki, na wadai wakatoka mikono mitupu.

DerevaWaUsiku
Wauaji waliopewa leseni. Nimeyasoma mara tatu maneno haya. Nina miaka kumi na minane barabara hiyo hiyo. Tairi la mbele likipasuka, kitu cha kwanza unachojua ni kwamba usukani umekunyang'anya mikono. Gari linavuta upande uliopasuka. Ukikanyaga breki kwa hofu, umelipindua. Mimi lilinipasukia karibu na Maungu, nikaachia mafuta, nikaung'ang'ania usukani kwa mikono na kifua mpaka basi likasimama majanini. Abiria walishuka wakinitukana kwa kucheleweshwa. Hilo halikuandikwa popote.

Na tairi sinunui mimi. Nikimwambia tajiri limeisha, jibu ni "maliza safari hii kwanza". Nikikataa, kuna kijana nje ya ofisi anasubiri ufunguo.

BintiKisauni
Kaka, sikukusema wewe. Lakini na wewe umenijibu leseni, swali langu lilikuwa la ushahidi.

DerevaWaUsiku
Ulisema madereva wa usiku. Mimi ni dereva wa usiku.

AbuSwaleh
Jamani, tairi kupasuka ni kudra. Hakuna dereva, tajiri wala jaji anayejua saa ya tairi. Watu wameacha kusema Alhamdulillahi kwamba mama yu hai, wanakimbilia fidia.

MwanaMzizima
Shehe, Mtume alimwambia bedui amfunge ngamia kisha atawakali. Tairi kipara ni ngamia asiyefungwa.

AbuSwaleh
Usinifundishe dini kwa hadithi uliyoisikia kwenye daladala. Bedui aliulizwa kuhusu ngamia wake mwenyewe. Unajua wewe kwamba tairi lile lilikuwa kipara? Ulilishika?

MwanaMzizima
Hadithi ya ngamia nimeipata madrasa, Tanga, kwa marehemu babu yangu, si kwenye daladala. Mtake radhi babu.

AbuSwaleh
Allah amrehemu babu yako. Bado hujanijibu kuhusu tairi.

WakiliMzee
AbuSwaleh ameuliza swali la kisheria pasipo kukusudia, nami nalijibu. Kuna kesi ya kampuni ya mabasi ya South Wales, Uingereza, iliyofika kwa Malodi, mahakama ya juu kabisa ya huko wakati ule, mwaka 1950. Tairi lilipasuka, basi likakata barabara likaporomoka bondeni, na mjane wa abiria akashtaki. Kampuni ikasema kasoro ilikuwa ndani ya tairi, nyuzi zimekatika kwa kupigwa na kitu huko nyuma, macho yasingeiona. Wakaamini kwamba chanzo ndicho hicho. Na kampuni ikashindwa! Ilishindwa kwa kuwa haikuwa na utaratibu wa kuwataka madereva waripoti kila tairi lilipopata pigo zito. Tazameni hapo. Kilatini hakikuhitajika tena, kwa sababu chanzo kilikuwa kimejulikana. Uzembe ulithibitishwa ndani ya mazoea ya gereji.

Kisha ikaja ya lori, 1969. Bomba la breki lililiwa na kutu mahali pasipofikika bila kulifungua. Wenye lori wakasema kasoro ilijificha. Wakaulizwa: lori hili lilikuwa likibeba nini, na lilipita wapi? Hawakuleta ushahidi wa historia yake, wakashindwa.

Ndiyo maana mimi humwambia mteja, usibishane kama tairi ni kudra. Omba daftari la matengenezo. Kifungu cha 112 cha sheria yetu kinasema jambo lililomo katika ujuzi wa upande mmoja hasa, upande huo ndio wenye mzigo wa kulithibitisha au kulikanusha. Abiria hajui tairi lilinunuliwa lini. Tajiri anajua.

MwenyeGariMoja
Tajiri, tajiri. Mimi nina gari moja la abiria kumi na wanne, la mkopo, na nyumba ya mzee wangu ndiyo dhamana. Daftari gani la matengenezo? Fundi wangu anaandika kwenye kipande cha boksi la sigara. Sheria ikisema nidhaniwe mzembe mpaka nijitetee, kila tairi likipasuka mimi nimeshafilisika. Nyinyi mnaona basi la kampuni kubwa, mnasahau sisi. Tena nauliza, huyo mama alifunga mkanda?

BintiKisauni
Nyonga imevunjika vipande viwili, anatembea na fremu ya chuma mpaka leo, chooni anashikwa mkono na mjukuu wake wa darasa la nne, nawe unauliza mkanda. Nikujibu: kiti chake kilikuwa na kishikio cha mkanda upande mmoja tu. Upande wa pili palibaki tundu la skrubu. Alitaka kufunga, akaishia kukishika mkononi. Angejifunga na nini, na leso yake?

MwenyeGariMoja
Samahani, mama yangu. Sikujua.

WakiliMzee
Swali la mkanda litakuja mahakamani hata asipoliuliza huyu, kwa hiyo lijibuni mapema. Waingereza mwaka 1975 waliweka kipimo: asiyefunga, ikiwa mkanda ungemwepusha kabisa na jeraha, hupunguziwa fidia asilimia 25. Ukiwa ungelipunguza tu jeraha, asilimia 15. Lakini mkanda usiokuwepo hauwezi kuwa kosa la abiria. Hilo tundu la skrubu lina thamani kwenu, kuna aliyelipiga picha?

BintiKisauni
Binamu yangu alifika eneo la ajali asubuhi. Alipiga picha viti, na tairi pia.

AbuSwaleh
Basi mngeanza na picha.

MwanaMzizima
Na dereva je, alishtakiwa? Huku kwetu trafiki wangemfikisha mahakamani kwanza.

WakiliMzee
Kama alipatikana na hatia ya trafiki na rufaa imekwisha au muda wake umepita, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi hufanya hukumu hiyo kuwa ushahidi usiopingika wa kosa lile. Kama aliachiliwa, haiwafungi. Kule kwenye jinai hakimu hatakiwi kubaki na shaka ya maana, huku kwenye madai ya fidia mizani ikiinama kidogo inatosha. Binti, kesi iliwasilishwa lini? Miaka mitatu ndiyo mwisho wa madai ya namna hii.

BintiKisauni
Iliwasilishwa miezi minane baada ya ajali. Dereva hakushtakiwa, faili ya polisi imeandikwa "inachunguzwa" hadi leo.

DerevaWaUsiku
Binti, bado nina uchungu na lile neno lako, lakini sikiliza. Fungua picha ya tairi. Kwenye ubavu tafuta herufi DOT. Ufuate mstari huo mpaka mwisho, utaona namba nne kwenye kiduara kama yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa. Ikiwa 2314, ni wiki ya 23 ya 2014. Namba hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, omba Mungu uwe upande uliopigwa picha. Halafu angalia ndani ya mifereji ya tairi: vinundu vidogo vya mpira vikiwa sawa na uso wa tairi, lilikuwa limekwisha siku nyingi.

MwenyeGariMoja
Natoka nje kuangalia yangu.

BintiKisauni
Kaka, lile neno nalifuta. Nilimkasirikia mtu mmoja nikawapaka wote.

Nimeikuza picha. DOT ninaiona. Kiduara kipo. Mbili za mwisho ni 1 na 2. Mbili za mwanzo zimefunikwa na tope.

WakiliMzee
Hizo za mwisho ndizo tunazozihitaji. Usiikate wala usiitie rangi hiyo picha. Na simu iliyoipiga, mwambie binamu yako asiiuze.