Kununua tishari kuukuu au kukodi? Mzigo wa Kigoma kwenda Kalemie

MtuWaMwanga: Wakuu habari za leo. Nina mzigo wa kila mwezi, Dar hadi Kigoma kwa reli, kisha kwa maji Ziwa Tanganyika hadi Kalemie, Kongo. Kuna tishari kuukuu (lile bapa la mizigo, la kuvutwa) linauzwa hapa, bei si mbaya. Kuna jingine la kukodi kwa mwaka. Nishike lipi? Muuzaji anataka jibu Ijumaa.

FundiChuma: Mzigo gani? Tani ngapi? Tishari lina umri gani, na lilipandishwa chelezoni, nchi kavu kwa matengenezo, lini mara ya mwisho? Bila hayo tutabahatisha tu.

MtuWaMwanga: Saruji, na unga kidogo. Umri hajasema, ila limepakwa rangi juzi tu.

FundiChuma: Hiyo rangi mpya ndiyo inayonitia wasiwasi. Nenda na fundi wako mpime unene wa mabamba, hasa usawa wa maji na kwenye kona za chini, ndiko kutu inakoanzia. Ukishanunua, matengenezo na ukaguzi wa TASAC, wale wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, ni juu yako. Tena tishari halina injini, boti ya kulivuta unayo? Mimi nasema kodi.

MamaSaruji: Kukodi nako kuna machungu yake. Sisi tulikodi kwa kampuni moja, sitaitaja. Mpira wa kuzuia maji kwenye mfuniko wa ngama, kule chini mzigo unakokaa, ulikuwa umechakaa, wakatupia turubai juu wakasema inatosha. Usiku upepo ukachafuka, mawimbi yakapanda mpaka juu ya turubai. Kufika Kalemie, safu mbili za chini za saruji zote mawe matupu, mifuko inashushwa kwa sururu. Kudai fidia, wakatutolea karatasi: tumepokea chombo kikiwa kizima. Mdogo wangu aliisaini usiku gatini, anamulika kwa tochi ya simu. Nawe MtuWaMwanga, kagua mchana, piga picha kila mfuniko, na ukate bima ya mzigo.

ReliYaKati: Pole sana mama. Ila MtuWaMwanga, tatizo lako litakuwa mabehewa ya kutoka Dar. Hakikisha kwanza unayapata kila mwezi, la sivyo tishari litalala tupu Kigoma. Na asikudanganye mtu ukodi behewa la TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia: reli yao ina upana wa milimita 1067, ya kati 1000. Ndiyo maana Kidatu, reli hizo zinapokutana, mzigo unahamishwa.

WaMwanza: Huku Ziwa Victoria meli ya MV Umoja inapakia behewa na mzigo wake hadi Port Bell, Uganda, hakuna kushusha. Kigoma wangeweka meli kama hiyo.

ReliYaKati: Behewa likifika Kalemie litapita wapi? Reli ya Kongo nayo ni 1067.

WaMwanza: Basi lirudi tupu, lakini mifuko inashikwa mara moja tu!

MzeeWaUjiji: Vijana, msikatae chuma kwa uzee. Meli ya Liemba ya hapa Ziwa Tanganyika ilizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927.

FundiChuma: Shikamoo mzee. Wale waliipaka mitambo grisi kabla ya kuizamisha. Hili tishari nani anajua limetunzwaje?

MtuWaMwanga: Nimempigia muuzaji. Anasema gharama ya kulipandisha chelezoni nilipe mimi.

MamaSaruji: Ulipe wewe, kwani umeshanunua?

FundiChuma: Na tani hujataja bado. Boti ya kuvuta je?

WaMwanza: Mzee wa Ujiji, ukarabati wa Liemba umefikia wapi?