Mtangazaji wa Jumapili asubuhi ALAANIWE, kakata wimbo pale pale kwenye mechi!!!

Wakuu nimechefukwa, naandika hapa chapati imepoa na mama watoto ananiangalia kama nimefiwa. Yule mtangazaji wa Jumapili asubuhi, mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule mwenye sauti kama kameza spika. Wiki tatu namtumia meseji anipigie Travelin' Soldier ya Dixie Chicks, wale mabinti wa muziki wa kantri wa Marekani (siku hizi wanajiita The Chicks tu), leo ndo kaipiga. Nikaongeza sauti mpaka sufuria zikatetemeka, nikawaambia nyumba nzima kimya.

Kwa msioijua, kijana anapelekwa vitani Vietnam, anaandikiana barua na binti aliyemhudumia mgahawani. Mwisho wake ni Ijumaa usiku kwenye mechi, watu wanainamisha vichwa, yanasomwa majina ya waliokufa, na binti mwenyewe ni mpiga filimbi wa bendi ya pale. Wimbo mzima unaenda kufia pale. Basi vichwa vimeinama, jina linakuja, pumzi nimebana, naskia "HAYA HAYA HAYA mfugaji usipitwe, chakula bora cha kuku..."

KUKU!! Mwanajeshi wa watu kazikwa na pumba!

Karudi anasema "wimbo mtamu huo, wa harusi kabisa". Wa harusi. Halafu kasoma meseji yangu hewani huku anacheka, eti mzee wetu wa Kimara, kantri gani haina drams, huo ni uji bila sukari. Ndiyo haina drams wewe! Albamu nzima ya Home ya 2002 haina, ni banjo, fidla na magitaa, wamefanya makusudi, na mzee Lloyd Maines, baba yake Natalie mwimbaji wao mkuu, kakaa nao kuiprodyuzi, ikabeba Grammy ya albamu bora ya kantri. Singo ya kwanza, Long Time Gone, inawasema watu wa redio kama yeye huyo huyo.

Na huu wimbo una mkosi na redio. Machi 2003 ulikuwa namba 1 kwenye chati ya kantri Marekani, Natalie akasema jukwaani London kwamba wanaona aibu Rais Bush kutoka Texas, redio zikawafungia, CD zikakanyagwa na trekta. Lakini wale walikata kwa ajili ya vita ya Iraq, huyu kakata kwa ajili ya kuku. Pale kwenye mechi!!

Bush Doctor Mbagala: Uzi tayari

Mjukuu wa Chifu: Mzee mzima unamlilia mpiga filimbi wa Texas, kodi ya nyumba umelipa?

Mama Wawili: Pole kaka 😂😂 ila "kazikwa na pumba" nimecheka mpaka mtoto kaamka

Kigogo wa Zamani: Kantri ni Jim Reeves na Don Williams. Hao mabinti ni kelele na sketi. Tena Landslide yao ni ya Fleetwood Mac, hata singo wanaazima.

Mleta uzi: Kuazima si kosa mkuu, Stevie Nicks mwenyewe kaitunga na hana kinyongo. Shida yangu ni PALE KWENYE MECHI

Konda Mstaafu: Bora wewe kwako ni redio. Mimi nimetoka Mbeya mpaka Dar dereva ana flashi yenye nyimbo nne. NNE. Kufika Chalinze nilikuwa naimba nikiwa usingizini

Mjukuu wa Chifu: @Konda Mstaafu hata mimi hilo basi nishalipanda, lile la siti zimechanika

Mama Wawili: Jirani yangu na sabufa yake je? Saa nane usiku vikombe vinatembea kabatini

Fundi Bomba: Samahani nje ya mada, hicho chakula cha kuku alitaja bei? Cha huku kwetu kuku wanakula hawatagi

Kigogo wa Zamani: Fundi changanya na dagaa, achana na matangazo

Bush Doctor Mbagala: Dagaa mayai yatanuka we mzee

Mleta uzi: Jamani rudini kwenye mada, mtu kakatwa kwenye mechi

Fundi Bomba: Mkuu kwani wewe hufugi?

Mleta uzi: Ninao sita, wa kienyeji

Fundi Bomba: Wanataga?

Mleta uzi: Wawili tu