Marekani ilitokaje kwenye umoja wa 1817 hadi ugomvi wa kanda wa 1832?

Kisomo_cha_Usiku:

Ndugu zangu, salaam. Ninajiandaa kwa mtihani wa Historia wa kidato cha sita nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na kwa kuwa sina mwalimu wa karibu, naleta swali langu hapa.

Vitabu vinaeleza kwamba baada ya vita dhidi ya Uingereza vilivyoanza mwaka 1812, Marekani iliingia katika kipindi ambacho gazeti moja la Boston lilikiita, mwaka 1817, "Enzi ya Hisia Njema". Chama cha Federalist, kilichokuwa mpinzani wa chama tawala, kilikuwa kinakata roho, na katika uchaguzi wa 1820 Rais James Monroe alipata kura zote za wajumbe wanaomchagua rais isipokuwa moja. Lakini Novemba 1832 jimbo la South Carolina lilitangaza kwamba sheria ya ushuru wa forodha ni batili ndani ya mipaka yake, na Rais Andrew Jackson akatishia kutumia jeshi.

Muhtasari nilioazima unasema tu kwamba "utaifa ulipungua na ukanda ukaongezeka", maelezo ambayo naona ni kulirudia swali kwa maneno mengine. Anayenitatiza zaidi ni John C. Calhoun, mwanasiasa wa South Carolina, ambaye mwaka 1816 aliutetea ushuru, na mwaka 1828 akaandika waraka wa kuupinga. Je, alikuwa kigeugeu, au kuna jambo nisiloliona?

Mwalimu_Mstaafu:

Mwanangu, hapo kwa Calhoun ndipo pa kushika, kwa sababu ukimweka karibu na Daniel Webster wa Kaskazini utaona kwamba wawili hao walibadilishana viti. Mwaka 1816 Calhoun wa South Carolina aliunga mkono ushuru wa kulinda viwanda, na muswada wenyewe uliletwa bungeni na William Lowndes, mtu wa jimbo hilohilo. Webster, aliyewasemea wenye meli na wafanyabiashara wa New England ambao riziki yao ilikuwa bidhaa za ng'ambo, aliupinga. Ulipokuja ushuru mkubwa wa 1828, ambao watu wa Kusini waliubatiza "Ushuru wa Machukizo", Webster aliupigia kura ya ndiyo, ilhali Calhoun, akiwa Makamu wa Rais na bila kutaja jina lake, aliandika waraka unaodai kwamba jimbo lina haki ya kuibatilisha sheria inayovunja Katiba. Ukimwita mmoja kigeugeu itabidi umwite na mwenzake.

Nionavyo mimi, utaifa wa 1816 ulikuwa ni maslahi ya kanda yaliyokutana njiani kwa muda. Waingereza walikuwa wameichoma Washington Agosti 1814, barabara mbovu zilikuwa zimechelewesha askari na mizinga, na serikali ilihangaika kutafuta fedha kwa kuwa mkataba wa benki yake ya kwanza ulikuwa umekwisha mwaka 1811. Kwa hofu hiyo mtu wa Kusini aliweza kuukubali ushuru kama gharama ya ulinzi. Februari 1817 Calhoun alisimama bungeni akataka jamhuri ifungwe pamoja kwa barabara na mifereji. Muswada wake ulipita, lakini Rais Madison akaukataa siku moja kabla ya kuondoka madarakani, kwa hoja kwamba Katiba haikulipatia Bunge mamlaka hayo. New York haikusubiri. Mwaka huohuo ilianza kuchimba Mfereji wa Erie kwa fedha zake yenyewe, na ulipokamilika mwaka 1825, mazao ya Magharibi yakapata njia ya kwenda bandari ya New York bila kutegemea Mto Mississippi. Mfereji huo uliziunganisha kanda mbili, na Kusini ikabaki nje.

Kisha ukaja mdororo wa 1819. Bei ya pamba ilianguka, benki zikadai madeni yao, na kila kanda ikaanza kutafuta mchawi. Watu wa Magharibi walimwona katika Benki ya Pili ya Marekani, benki ya taifa iliyoundwa baada ya ile ya kwanza. Wenye viwanda wa Kaskazini walimwona katika bidhaa za Uingereza, wakataka ushuru upandishwe. Wakulima wakubwa wa pamba walimwona katika ushuru huohuo, kwa kuwa waliuza pamba yao Liverpool kwa bei ya soko huria, na kununua nguo na vyuma kwa bei iliyopandishwa na sheria.

Mkaazi_wa_Mji_Mkongwe:

Naomba niongeze kipengele ambacho Mwalimu amekipita, kwa kuwa kinaonyesha jinsi ushuru huo ulivyofanya kazi dukani. Sheria ya 1816 ilitoza asilimia 25 kwa nguo za pamba kutoka nje, lakini ikaweka sharti kwamba kitambaa chochote chenye thamani iliyo chini ya senti 25 kwa yadi kihesabiwe kana kwamba thamani yake ni senti 25. Kwa hiyo kitambaa cha India kilichonunuliwa, tuseme, kwa senti 8, kililipiwa senti 6 na robo, yaani zaidi ya robo tatu ya bei yake. Francis Cabot Lowell, mwenye kiwanda cha Waltham huko Massachusetts, alikwenda Washington mwenyewe kulipigania sharti hilo, kwa sababu kiwanda chake kilifuma kitambaa kizito cha rangi ya pamba yenyewe, cha kushindana na hicho cha India.

Kitambaa cha namna hiyo ndicho wazee wetu walichokiita merikani. Meli za Salem zilikileta Zanzibar kwa wingi kuanzia miaka ya 1830, na Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani Septemba 1833, miezi michache tu baada ya mgogoro wa South Carolina kupoa. Pamba ililimwa na watumwa huko Kusini, ikafumwa Kaskazini, ikavaliwa huku kwetu.

Mpenda_Hoja:

Kwa heshima zote, Mwalimu, naona unauweka ushuru mbele mno. Februari 1819, James Tallmadge wa New York alipendekeza kwamba Missouri isikubaliwe kuwa jimbo mpaka iache kuingiza watumwa wapya, na kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa humo baadaye waachwe huru wafikapo umri wa miaka 25. Sehemu ya kwanza ilipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 87 dhidi ya 76. Zigawe kura hizo kwa kanda: Kaskazini 86 waliunga mkono na 10 wakapinga, Kusini mmoja aliunga mkono na 66 wakapinga. Mpasuko huo haukuhitaji orodha ya ushuru. Seneti ililikataa pendekezo, na suluhu ya Machi 1820 ikaiingiza Missouri pamoja na watumwa wake, Maine ikaingia kama jimbo lisilo na utumwa ili mizani isiinamie upande mmoja, na katika ardhi iliyobaki ya ununuzi wa Louisiana, yaani eneo kubwa la magharibi lililonunuliwa kutoka Ufaransa, ukachorwa mstari wa latitudo ya nyuzi 36 na dakika 30, utumwa ukapigwa marufuku kaskazini yake. Thomas Jefferson, rais wa zamani, akiwa mzee wa miaka 77, aliandika kwamba suala hilo lilimshtua kama kengele ya moto usiku.

Ndugu muuliza swali atazame tarehe. Kura zile karibu zote za Monroe zilipigwa mwishoni mwa 1820, baada ya Missouri, wala si kabla. Hapakuwa na chama kingine cha kumsimamishia mpinzani, basi. Kuhusu Calhoun, yeye mwenyewe aliandika katika barua ya Septemba 1830 kwamba ushuru ulikuwa kisababu cha juujuu, na kwamba chanzo hasa kilikuwa mfumo wa ndani wa majimbo ya Kusini, yaani utumwa. Zaidi ya nusu ya wakazi wa South Carolina walikuwa watumwa, na mwaka 1822 watu 35 walikuwa wamenyongwa Charleston, mji wa bandari wa jimbo hilo, kwa tuhuma za kupanga uasi wa watumwa na Denmark Vesey, mtu mweusi aliyekuwa ameununua uhuru wake. Serikali yenye nguvu ya kutoza ushuru ingeweza kesho kuugusa na utumwa.

Kisomo_cha_Usiku:

Shikamoo Mwalimu, na ninawashukuru nyote. Basi nikiandika kwamba utumwa ndio uliokuwa chanzo na ushuru ukawa uwanja wa mapambano, nitakuwa nimekosea? Na mwaka 1833 nani alishinda?

Mwalimu_Mstaafu:

Marahaba. Hutakuwa umekosea, na ndugu yetu amenirekebisha kwa haki kuhusu Missouri, ila usisahau kueleza kwa nini majimbo mengine ya watumwa hayakuifuata South Carolina. Hakuna hata moja lililoibatilisha sheria ile pamoja nayo, na Jackson mwenyewe alikuwa mwenye watumwa. Kwa hiyo utumwa peke yake haukutosha kuifanya Kusini kuwa kambi moja mwaka 1832.

Ama ushindi, kila upande ulijidai kuupata. Machi 1833 Bunge lilipitisha kwa pamoja sheria ya kumruhusu Jackson kutumia nguvu, na ushuru mpya wa Seneta Henry Clay uliokuwa upunguzwe kidogo kidogo hadi kufikia asilimia 20 mwaka 1842. South Carolina iliitisha tena mkutano wake, ikafuta tamko la kuubatilisha ushuru, kisha kabla ya wajumbe kutawanyika ikaibatilisha ile sheria ya kutumia nguvu, ambayo wakati huo haikuwa na kazi tena.